Siku saba São Paulo, peke yako: namna ya kujipanga ukiwa Lubumbashi

Nashona nguo katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mteja akileta lesi nzuri anasema imetoka Brazili, akileta nywele nzuri anasema hivyo hivyo, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa sijavuka mpaka wowote zaidi ya Kasumbalesa. Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikwenda São Paulo. Nilikwenda peke yangu, nikalala huko usiku saba, nikarudi. Tangu hapo wanawake wanaingia atelie na kitambaa mkononi, lakini swali lao si la mshono: "Yaya (yaani dada), ulifanyaje?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi. Hapa naliandika lote.

Kwanza, kwa nini São Paulo na si Rio? Rio ina bahari na milima, ni kweli. Lakini anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza anahitaji mji anaoweza kuushika, na São Paulo unashikika kwa metro. Tena safari yenyewe ni nyepesi kupangwa: kutoka uwanja wa Luano unakwenda Addis Ababa, na Addis kuna ndege inayokwenda moja kwa moja hadi Guarulhos, uwanja mkubwa wa São Paulo. Unabadilisha ndege mara moja tu. Kipande cha pili ni kirefu, zaidi ya saa 12 angani, kwa hiyo vaa nguo isiyobana na viatu vinavyovuliwa kirahisi.

Hali ya hewa haitakushangaza sana. Wao wako kusini mwa ikweta kama sisi, mvua yao kubwa inanyesha miezi ile ile ya kwetu, na baridi yao inakuja Juni hadi Agosti. Ila baridi yao inauma kuliko ya Lubumbashi. Mimi nilibeba sweta moja, na usiku wa pili nikanunua la pili.

KARATASI KABLA YA NDOTO

Mwenye paspoti ya Kongo anahitaji viza ya Brazili, na ubalozi wao uko Kinshasa. Hapa ndipo safari nyingi zinapofia, kwa sababu mtu ananunua tiketi kwanza halafu ndipo anaulizia viza. Geuza mpangilio huo. Anza miezi mitatu kabla, ulizia ubalozini masharti ya wakati huo, jaza fomu kwenye intaneti, uichape na stakabadhi yake, kisha ukusanye vinavyoambatana nayo: paspoti yenye kurasa tupu, picha, mpango wa safari ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na uthibitisho kwamba unazo pesa na unacho cha kukurudisha nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mimi sina mwajiri wa kuniandikia barua. Nilipeleka patente ya biashara, mkataba wa nyumba ninayopanga kwa ajili ya atelie, na karatasi za benki za miezi iliyopita zinazoonyesha pesa ikiingia kidogo kidogo kama inavyoingia kwa fundi nguo. Usikope dola elfu mbili ukaziweka benki wiki ya mwisho. Anayesoma karatasi hizo kila siku anaziona mara moja.

Mara ya kwanza faili langu lilirudi. Tarehe ya kuondoka hotelini ilikuwa siku moja baada ya tarehe ya ndege ya kurudi, na kosa lilikuwa langu, nililijaza usiku nimechoka. Lilinigharimu wiki tatu. Tangu hapo namwambia kila mtu: andika tarehe zako zote kwenye karatasi moja, tiketi, hoteli, fomu, bima, uzilinganishe mchana ukiwa na akili timamu, kisha mpe mtu mwingine azisome.

Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwako wewe unayetoka Kongo. Chanjo hiyo inahesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani na kitabu chako ni halali, usikubali kulipia sindano ya pili. Usinunue kitabu bila sindano. Wapo wanaouza. Unaujua ugonjwa wenyewe, na unakwenda kwa watu wanaouogopa kama sisi.

Kuhusu tiketi, muulize wakala kama Go Pass, ile ada ya uwanja wa ndege, imo ndani ya bei au unailipa mwenyewe uwanjani. Ni swali dogo, lakini hutaki kulijibu asubuhi ya safari ukiwa kwenye foleni.

MAMA NA SWALI LA USALAMA

Mama yangu alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza: "Na yule mtoto waliyemuua?" Alikuwa anamzungumzia Moïse Kabagambe, kijana Mkongomani wa miaka 24, aliyepigwa hadi kufa Januari 2022 kwenye kibanda cha ufukweni, Barra da Tijuca, mjini Rio de Janeiro. Baadaye watu waliandamana katika miji mingi ya Brazili kudai haki yake. Sikumwambia mama kwamba hakuna hatari. Brazili ni nchi ya watu weusi wengi, na ubaguzi upo vilevile. Nilichomwambia ni nitalala wapi, nitapita njia gani, nitampigia saa ngapi.

Hilo la saa lifanyie hesabu mapema. Lubumbashi iko mbele ya São Paulo kwa saa 5. Ukingoja mpaka jioni yao ndipo upige, nyumbani ni usiku wa manane na mtu wako ameshahangaika. Mimi nilipiga kila siku saa 7 mchana ya kule, ambayo ni saa 12 jioni ya huku, mama akiwa anasonga bukari, ugali wetu. Kila simu nilimtajia mahali nilipo na mahali ninapokwenda. Siku moja nilichelewa dakika ishirini, akanipigia yeye.

LALA KARIBU NA KITUO KIMOJA

Mji una watu zaidi ya milioni 11, na ukihesabu na vitongoji vyake wanapita milioni 20. Usijaribu kuuona. Chagua kituo kimoja cha metro, ulale umbali wa kutembea kwa miguu, na kila siku uanzie hapo na kurudi hapo.

Mimi nilichagua Ana Rosa, mtaa wa Vila Mariana. Sababu ni kwamba njia mbili zinakutana hapo. Njia ya kijani inakupeleka Avenida Paulista: Paraíso, Brigadeiro, halafu Trianon-Masp. Njia ya bluu inashuka katikati ya mji: Japão-Liberdade, Sé, São Bento. Ukifika Sé unaingia njia nyekundu, upande mmoja uko Brás kwa wauza nguo, upande mwingine República. Nilivichora vituo hivyo kwa kalamu kwenye karatasi ya patroni, nikaikunja na kuiweka kwenye pochi. Simu ikizima, karatasi haizimi. Nauli ni zaidi kidogo ya reali 5 kwa safari, hata ukibadilisha njia, na mabehewa ni masafi. Asubuhi na jioni watu wa kazi wanajaa mpaka mlangoni, basi nenda baada ya hapo.

Unapotafuta hoteli, soma maoni ya wanawake waliolala hapo peke yao, na angalia kama mapokezi yako wazi usiku kucha. Usivutwe na bei ya chini karibu na kituo cha Luz. Mchana kuna jengo zuri la kituo na makumbusho, lakini mitaa ya jirani imeteswa na dawa za kulevya kwa miaka mingi, na usiku si mahali pa mgeni.

PESA, SIMU, UMEME

Sisi tumezoea dola mfukoni. Kule dola hailipi hata chai. Wanatumia reali, na miaka hii ya karibuni dola moja imekuwa ikizunguka kati ya reali 5 na 6. Beba kadi mbili za benki, ukizitenganisha, na uiambie benki yako kabla ya kuondoka kwamba utazitumia Brazili. Kadi inapokelewa karibu kila mahali. Nilimwona muuza mahindi ya kuchemsha kando ya barabara akitoa kimashine cha kadi kutoka kwenye aproni. Utasikia pia watu wanalipana kwa Pix. Hiyo ni kwa wenye namba ya mlipakodi ya kule na akaunti ya huko, mgeni wa wiki moja asijisumbue nayo. Dola chache mpya, zisizo na alama, zibaki kama akiba, na ubadilishe kwenye nyumba rasmi ya kubadili pesa ukiwa na paspoti.

Kuhusu umeme: São Paulo ni volti 127, siyo 220 kama kwetu. Chaja ya simu haina shida, soma tu maandishi yake yanayosema 100–240. Lakini pasi ya nywele uliyonunua hapa itapata uvuguvugu tu. Iache nyumbani. Plagi yenye pini mbili nyembamba inaingia kwenye soketi zao, ile nene ya Kifaransa mara nyingi inagoma.

JIONI YA KWANZA

Kama kuna sehemu moja ya kupanga mpaka dakika, ni hii. Nilitua jioni, giza likikaribia, nimechoka, masikio yameziba. Mtu akiwa hivyo anafanya maamuzi mabaya. Kwa hiyo maamuzi yote niliyafanya nikiwa Lubumbashi.

Nilikuwa na bahasha moja: paspoti, kitabu cha njano, tiketi ya kurudi, karatasi ya hoteli yenye anwani kamili. Afisa wa uhamiaji aliuliza siku ngapi na nalala wapi, nikampa bahasha, akagonga muhuri. Nikiwa bado ndani nilitumia intaneti ya uwanja kumwandikia mama "nimefika". Kisha nilikwenda kwenye kaunta ya taksi rasmi, ile unayolipa ndani kabla ya kupanda, nikapewa karatasi. Mlangoni mwanaume alinifuata akisema "taxi, taxi, my friend" na kutaka kuchukua sanduku. Nilimwonyesha karatasi nikaendelea kutembea. Ukijua mapema utapanda nini, huna haja ya kujadiliana na mtu. Nilifika hotelini, nikala biskuti nilizobeba, nikalala. Usitoke usiku huo. Mji utakuwepo asubuhi.

Kesho yake nenda duka rasmi la kampuni ya simu na paspoti yako ununue laini. Vibanda vya barabarani mara nyingi vinataka namba ya mlipakodi usiyokuwa nayo.

KIRENO CHA KINYWANI, SAHANI YA MIZANI

Kwetu tuliosoma kwa Kifaransa, Kireno cha maandishi kinasomeka: entrada, farmácia, hospital. Kazi iko masikioni. R ya mwanzo wanaitamka kama H, kwa hiyo República inasikika "Hepublika". Di inakuwa ji, na te ya mwisho inakuwa chi: bom dia ni "bon jia", boa noite ni "boa noichi". Nilifanya mazoezi wiki mbili kwa sauti nikiwa kwenye mashine, wanafunzi wangu wakayashika kabla yangu.

Chakula cha mtu aliye peke yake ni mgahawa wa por quilo. Unachukua sahani, unajipakulia, inapimwa kwenye mizani, unalipa uzito. Hakuna anayekuuliza mwenzako yuko wapi. Mchana wangu wa kwanza nilizunguka meza ile polepole. Kulikuwa na maharage meusi, majani ya kabichi ya kijani yaliyokatwa nyembamba kama uzi, kuku na bamia. Na mwisho wa meza, kwenye chungu, kitu cha njano, laini, chenye mvuke. Nilichota kijiko, nikaonja nimesimama. Bukari. Nyepesi kuliko yetu, imepikwa kama uji mzito, lakini unga wa mahindi ni unga wa mahindi. Mama wa kwenye mizani aliona uso wangu, akasema "angu", akionyesha chungu. Unga wenyewe wanauita fubá, neno lililovuka bahari na watu kutoka upande wetu huu, kama quiabo, jina lao la bamia. Nilirudi kwenye chungu, na sahani ikapimwa tena.

Jumatano na Jumamosi migahawa mingi ya São Paulo inapika feijoada, maharage meusi na nyama ya nguruwe, ikiwa na unga wa muhogo uliokaangwa pembeni. Kwenye Mercadão, soko la tangu 1933 lenye vioo vya rangi, kula pastel de bacalhau: ni makayabu, samaki wa chumvi, ndani ya unga mwembamba wa kukaanga. Matunda ya pale wanayokuonjesha bure ni ghali sana ukikubali kufungiwa, ulizia bei kwanza.

NILIVYOGAWA SIKU

Siku ya Brás niliianza alfajiri, kwa sababu wauza jumla wanafungua giza na mchana wanaanza kufunga. Vitambaa vya kunyumbulika wanauza kwa kilo, siyo kwa mita, kwa hiyo jifunze kukadiria kwa mkono. Uliza kama bei ni atacado, ya jumla, au varejo, ya rejareja, na ya jumla inaanzia vipande vingapi. Niliwakuta wanawake wa Angola wakifunga mizigo kwa kasi ya ajabu, wanajua kila ngazi. Kama wewe ni fundi, shuka pia kituo cha São Bento, utokee Ladeira Porto Geral, uteremke mpaka Rua 25 de Março. Omba aviamentos, yaani vifungo, zipu, lesi. Nilisimama mbele ya ukuta mzima wa vifungo, kila kisanduku na kifungo kimoja kimeshonwa mbele, nikakaa saa nzima. Begi nililivaa kifuani, simu ndani ya nguo.

Siku nyingine nilikwenda República kwa miguu ya polepole. Kwenye Rua 24 de Maio kuna jengo la maduka lenye wasusi kutoka Afrika. Msichana mmoja alisikia lafudhi yangu kwenye simu, akaacha kichwa cha mteja katikati: "Yaya, unatoka wapi?" Wa Bukavu. Alinisuka, akanifundisha mitaa ya kuepuka baada ya giza, na ushauri wake ulikuwa bora kuliko wote niliosoma. Tafuta watu wako siku za mwanzo, usingoje mpaka uwe na shida.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Largo do Paissandu, kwenye kanisa la Nossa Senhora do Rosário dos Homens Pretos, kanisa la chama cha watu weusi. Hili la sasa lilifunguliwa 1906, baada ya lile la zamani kubomolewa. Vyama vya namna hiyo, enzi za utumwa, vilikuwa vikimchagua mtu na kumvika taji kuwa Mfalme wa Kongo. Nilikaa benchi la nyuma nikalitafakari hilo mpaka misa ikaanza. Kama moyo wako unaweza, endelea na Museu Afro Brasil, makumbusho yaliyoanzishwa na Emanoel Araújo mwaka 2004, ndani ya bustani ya Ibirapuera. Karibu Waafrika milioni 5 walipelekwa Brazili, na utumwa ulifutwa 1888 tu. Usiipange ziara hiyo siku moja na Brás. Ipe asubuhi yote, na baadaye kaa chini ya miti ya bustani usifanye kitu. Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa.

Jumapili ni ya Avenida Paulista. Barabara inafungwa kwa magari, watu wanacheza muziki, watoto wanaendesha baiskeli, na mwanamke aliye peke yake hatazamwi mara mbili. Jengo la MASP, makumbusho ya sanaa, lililochorwa na Lina Bo Bardi, limesimama juu ya nguzo nyekundu na kuacha mita 74 za uwazi chini yake. Jumanne kuingia ni bure.

Siku mbili usizipange kabisa.

KAMA MAMBO YAKIHARIBIKA

Wizi wa simu ndio wa kila siku. Anapita mtu na baiskeli au pikipiki, simu imekwenda. Usisome ramani ukiwa ukingoni mwa barabara, ingia dukani. Akikutishia, mpe. Polisi ni 190, gari la wagonjwa ni 192. Hospitali za umma zinampokea hata mgeni kwa dharura bila malipo.

Na jambo ambalo vitabu vya watalii havikuandikii wewe: pima malaria siku chache kabla ya kupanda ndege. Kule São Paulo daktari akiona homa anafikiria dengi. Ukipata homa safarini, neno lako la kwanza liwe "Congo", la pili "malária".

Siku ya kurudi pima masanduku hotelini, weka risiti za Brás juu kabisa kwa ajili ya forodha ya Luano, na kitabu cha njano kibaki mkononi, maana wataulizia tena ukishuka.